Jiwe la Uongo, Mistari ya Kweli

Hadithi, hadithi!

Mnaitikia nini? Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Basi leo uongo umekuja kweli, na unashikika mkononi. Ni jiwe hili hapa juu ya meza. Ukilitazama kutoka mlangoni utaapa kwamba lilimeguka mlimani usiku wa mvua. Lakini linyanyue. Umeona? Mkono umeruka juu, maana ulijiandaa kubeba jiwe, na ulichobeba ni chepesi kuliko embe. Ndani yake kuna trei la mayai, magazeti ya zamani na uji wa unga wa ngano.

Nitawafundisha kulitengeneza, na makosa niliyoyafanya nitawaambia pia ili msiyarudie. Ila kwanza vaeni ndala tutoke nje. Hakuna mtu anayeweza kutengeneza jiwe la uongo kabla hajalitazama vizuri jiwe la kweli.

Mtoto wa Dar es Salaam akisikia jina Kisiwani anadhani tumezungukwa na bahari. Ninyi mnajua tulivyo. Upande mmoja umesimama ukuta wa Milima ya Upare Kusini. Upande wa pili imetandaa nyika ya Mkomazi, kavu na ya kahawia, mpaka inapokutana na Tsavo ya Kenya. Barabara ya kutoka Same inapita katikati, inatuacha hapa na kuendelea kwenda Gonja, Ndungu na Kihurio. Juu kabisa, nyuma ya yale mawingu, kuna kilele cha Shengena chenye mita 2,462 kutoka usawa wa bahari, na msitu wa Chome umekizunguka. Mvua zinapenda kule. Sisi huku chini tunasubiri mito ituletee salamu.

Sasa inameni hapa korongoni. Kila mmoja aokote jiwe moja lililovunjika, alioshe, alitazame kama anayetafuta mwiba kidoleni.

Mnaona mistari? Mweupe, mweusi, mweupe tena, kama kitambaa kilichofumwa. Jiwe hili wataalamu wanaliita naisi. Liliumbika chini sana ardhini, kwenye joto na mgandamizo mkubwa, miaka kama milioni 600 iliyopita. Mgandamizo ule ndio uliozipanga chembe zake katika mistari. Mweupe ni madini ya kwatsi na feldispa. Mweusi una madini mazito zaidi, na kile kinachometameta mnapoligeuza juani ni ulanga. Kilimanjaro, ambao mtu akiwa upande wa Same au Mwanga anauona siku ya anga safi, haukujengwa hivyo. Ule ni volkano; ulitapikwa kutoka chini tabaka juu ya tabaka, na kwa umri ni mtoto mchanga mbele ya mwamba huu. Milima yetu iliinuka ardhi ilipopasuka: kipande kimoja kikabaki juu, vya pembeni vikadidimia. Ndiyo maana ukuta wetu uko wima hivi, na ndiyo maana vitabu vya jiografia huiweka Upare pamoja na Usambara na Uluguru.

Tazameni tena. Pale ukutani, mistari ya mwamba imelalia upande gani? Nyoosheni mkono uifuate. Sasa tazameni ule mwamba mwingine ng'ambo ya korongo. Umelalia upande uleule. Likumbukeni hilo kuliko jambo lolote nitakalosema leo. Mwamba wa kweli hauchanganyikiwi. Tabaka zake huenda pamoja, na mtu akizipanga hovyo mezani, hata asiyejua jiolojia atahisi kuna kitu hakiko sawa ingawa hataweza kukitaja.

Na haya mawe yaliyoanguka chini ya ukuta? Yana pembe kali. Yale ya mtoni ni mviringo, maana maji yameyasugua kwa miaka mingi. Tena tazameni yalivyojipanga: makubwa yamebingirika mbali, madogo yamekwama karibu na ukuta. Jiwe kubwa likishaanza kubingirika hakuna cha kulizuia, lakini kokoto hunaswa kwenye nafasi ya kwanza linayoikuta. Mtu akiweka makubwa yote ukutani na kokoto mbali, amepindua kazi ya mlima.

Angalieni na ngozi ya mwamba. Jua huupasha mchana, baridi huubana usiku, na udongo mzito uliokuwa juu yake ulishaondoka zamani. Basi ngozi ya nje inaachia na kubanduka kama ganda la kitunguu. Chini ya kila ukingo kuna michirizi myeusi ambako maji hupita. Upande wenye kivuli kuna mabaka makavu ya rangi ya majivu na kijani yaliyong'ang'ania jiwe. Chini kabisa, udongo mwekundu umerukia mwamba kwa matone ya mvua, ukaacha mkanda wa kutu kwenye nyayo zake. Hizo ndizo rangi zenu. Hakuna mwamba Upare wenye rangi moja ya kijivu kama sufuria.

Turudini ndani.

Mnauliza jiwe la uongo ni la nini? Kuna michezo inayochezwa mezani kwa visanamu vidogo, na meza yenyewe hugeuzwa kuwa nchi: ina vilima, mito, nyumba na miamba. Mwaka 1812 huko Prussia, Baron von Reisswitz alimpelekea mfalme wake meza ya mchezo wa vita yenye vipande vya ardhi vinavyopangwa upya kila mara, mlima leo hapa, kesho pale. Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells, yule aliyeandika hadithi ya mashine ya kusafiri katika wakati, alichapisha kitabu kiitwacho Little Wars chenye kanuni za kuchezesha askari wa sanamu sakafuni. Warhammer, ambao leo una wachezaji wengi duniani, ulitolewa Uingereza mwaka 1983. Wapo hata wanaojenga mezani nchi hii yetu kama ilivyokuwa katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, wakati majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipokimbizana Upare. Mimi ningependa siku moja mtoto wa Kisiwani awaonyeshe watu hao mwamba wa Upare ulivyo, kwa kuwa yeye ameukalia na kuupanda.

Wala msidhani jambo hili ni geni kwenu. Aliyechimba mashimo ya bao ardhini na kucheza kwa kokoto ameshageuza ardhi kuwa uwanja wa mchezo. Aliyefinyanga ng'ombe wa udongo na kumjengea zizi la vijiti ameshafanya nusu ya kazi ninayoieleza. Kinachobaki ni vipimo na subira.

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo wengi hupotea. Visanamu vya michezo hii mara nyingi vina kimo cha milimita 28 hivi. Mtu mzima tumkadirie sentimita 170. Gawanya: kila sentimita moja mezani inasimama badala ya sentimita 60 za duniani. Sasa fanyeni hesabu. Tembo wa mita 3 atakuwa na sentimita 5. Faru mweusi, ambaye begani ana mita moja na nusu hivi, atakuwa sentimita mbili na nusu. Mbuyu wa mita 15 utakuwa sentimita 25. Na Shengena? Mita 2,462 gawa kwa 60 unapata mita 41. Hakuna nyumba Kisiwani yenye dari la mita 41. Kwa hiyo hatutengenezi mlima. Tunatengeneza jiwe moja, ukingo mmoja, kona moja ya korongo, na macho ya mchezaji yatajaza mlima uliobaki.

Hiyo inatuonyesha pia ukubwa unaofaa. Jiwe la sentimita 10 mezani ni mwamba wa mita 6, yaani mrefu kuliko nyumba. Msidharau kidogo.

Vifaa tunavyo. Boksi gumu kutoka dukani. Trei la mayai, lile la karatasi ya kijivu, si la plastiki. Magazeti. Ndala zilizochakaa. Mchanga wa korongoni uliochekechwa. Unga wa ngano. Mkaa uliosagwa. Udongo mwekundu. Mabaki ya rangi ya maji kutoka kwa fundi aliyepaka nyumba. Muombeni kwa adabu, atawapa. Na katani, kwa kuwa hatuishi mbali na mashamba ya mkonge.

Gundi kwanza. Kikombe kimoja cha unga, vikombe vinne au vitano vya maji. Koroga unga na maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe, kisha mimina kwenye maji yanayochemka, ukikoroga bila kuacha, hadi uji uwe mzito na ung'ae. Mkubwa awe karibu na jiko. Tia kijiko cha chumvi, chumvi huchelewesha ukungu. Uache upoe. Mwenye gundi nyeupe ya mafundi seremala aichanganye na maji kidogo aitumie hiyo. Ni bora zaidi, ila ni ya kununua.

Kitako cha jiwe kinatoka kwenye boksi. Kata vipande viwili vinavyolingana, uvigundishe pamoja, lakini ile mistari ya ndani ya boksi ipishane, mmoja uende urefu na mwingine upana. Ukitumia kipande kimoja, gundi ikikauka itakivuta na jiwe lako litajikunja kama kaukau. Tandika chini ya kitu kizito mpaka kesho. Msiruke hatua hii.

Siku ya pili ndiyo tamu. Chana boksi vipande, na nimesema chana, msikate kwa kisu. Ukingo uliokatwa umenyooka kama meza. Ukingo uliochanwa una meno, na tabaka zake huachana zenyewe kama ukingo wa mwamba. Panga vipande kimoja juu ya kingine, kila cha juu kikiwa kidogo kuliko cha chini, vingine vikitokeza mbele kidogo kama paa. Kisha inueni rundo zima upande mmoja kwa kuchomeka kijigongo cha karatasi chini yake, ili tabaka zote zilale kama zilivyolala pale korongoni. Mkitengeneza mawe matano ya meza moja, yote matano yalalie upande mmoja.

Mkiwa bado kwenye kupanga, acheni angalau sehemu moja au mbili tambarare zenye upana wa sentimita tatu. Kwa nini? Kwa sababu kisanamu lazima kisimame. Kizibo cha soda, ambacho ndicho kitako kizuri cha visanamu vya kujitengenezea, kina upana kama huo. Nimeona miamba mizuri ajabu ambayo hakuna askari anayeweza kusimama juu yake bila kuanguka. Hayo ni mapambo ya sebuleni. Sisi tunataka mwamba wa kuchezea.

Sasa ngozi. Loweka trei la mayai usiku kucha, asubuhi lisage kwa mikono mpaka liwe rojo, kamua maji, changanya na gundi. Lipake juu ya rundo lako kwa vidole, jembamba tu, usifute zile tabaka ulizohangaika kuzipanga. Rojo la trei likikauka hubaki na mikwaruzo midogomidogo, na mikwaruzo hiyo ndiyo itakayoshika rangi. Kabla halijakauka, chora nyufa kwa kijiti. Nyufa nazo zina utaratibu: nyingi huenda sambamba, chache huzikata kwa pembeni. Ukutani mwa korongo mmeziona.

Mawe yaliyoanguka yatengenezeni kwa ndala. Soli ya ndala iliyochakaa, ukiinyofoa kwa vidole badala ya kuikata, hutoa vipande vyenye pembe na sura ya mwamba uliomeguka. Vibandike mbele ya ukuta, makubwa mbali, madogo karibu. Halafu paka gundi kitakoni na unyunyize mchanga.

Hapa nisimame niwaambie kosa langu la kwanza. Nilipata lile povu jeupe linalofungwa na televisheni ndani ya boksi lake, jepesi, linakatika kirahisi. Nilichonga mwamba mkubwa kwa siku nne. Ulikuwa mzuri mno. Kisha nikaazima kopo la rangi ya kupuliza nikaupulizia. Povu likaanza kuyeyuka mbele ya macho yangu, mashimo yakafunguka, ukingo ukanyauka, na baada ya dakika chache sikuwa na mwamba. Dawa iliyomo kwenye rangi ile hula povu. Mkilipata povu hilo litumieni, lakini kwanza lifunikeni lote kwa karatasi na gundi, na rangi iwe ya maji. Wala msilichome moto, iwe kwa kulikata au kulitupa; moshi wake ni sumu.

Wapo wanaotaka mwamba mgumu zaidi, nao wana njia nyingine inayotoka hapahapa wilayani. Makanya, upande wa pili wa mlima, kuna machimbo ya jasi. Jasi ni jiwe laini, unaweza kulikwaruza kwa ukucha, nalo huenda viwandani kutengenezea saruji. Ndani yake kuna maji yaliyofungwa, si kama maji kwenye sponji, ni sehemu ya jiwe lenyewe. Likichomwa kwa joto la kadiri, hupoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa unga mweupe. Ukiurudishia maji, unga huyanywa na kurudi kuwa jiwe. Unga huo ndio mafundi wanaouita jipsamu, wa kupigia dari, na ndugu yake hospitali hufungia mifupa iliyovunjika. Ulaya uliitwa plasta ya Paris kwa sababu jasi ilichimbwa kwa wingi kwenye kilima cha Montmartre, katika mji huo.

Na hili ndilo jambo linalonifurahisha kuliko yote: kwa jipsamu mnaweza kunakili mwamba wa Kisiwani wenyewe. Chagua sehemu ya mwamba yenye nyufa nzuri, ipake mafuta kidogo, kisha kandamiza udongo wa mfinyanzi mbichi juu yake, unene wa vidole viwili. Ubandue taratibu. Ndani ya udongo kuna sura ya mwamba iliyogeuzwa, kilichokuwa bonde sasa ni mgongo. Uweke ndani ya boksi, sura ikitazama juu, nyanyua kingo zake, mimina jipsamu iliyokorogwa kama uji mwepesi. Usikoroge polepole ukipiga soga, maana huganda haraka. Usiweke mkono ndani yake ikiwa inaganda, kwa sababu hupata joto na inaweza kuunguza. Mabaki usiyamwage kwenye bomba wala kwenye mfereji. Baada ya saa moja bandua udongo. Utakachoshika ni uso wa mwamba uleule uliogusa asubuhi, kila ufa mahali pake.

Haya, rangi. Watoto wengi hufika hapa wakachoka, wakapaka kijivu mara moja, wakasema imekwisha. Haijaisha. Anzeni na nyeusi: mkaa uliosagwa laini, gundi, maji kidogo. Pakeni kote, hasa ndani ya nyufa. Acheni ikauke kabisa. Kisha chukueni brashi ngumu, ichovyeni kwenye rangi ya kijivu, halafu ifuteni kwenye gazeti mpaka ionekane haina rangi tena. Sasa pitisheni brashi hiyo kavu juu ya jiwe, kwa wepesi, kama anayefuta vumbi kwenye picha ya marehemu. Rangi itashika migongo tu. Nyufa zitabaki nyeusi. Rudieni kwa rangi iliyo karibu na nyeupe, kidogo zaidi, kwenye ncha zinazotazama juu.

Kwa nini iwe hivyo? Mwamba wa mita 6 una vivuli vizito kwa sababu ni mkubwa, na jua linaukalia juu. Mwamba wa sentimita 10 una vivuli vyembamba mno, jicho haliviamini. Basi sisi tunavisaidia kwa brashi. Tunapaka jua juu na kivuli chini, ili jiwe dogo libebe mwanga wa jiwe kubwa.

Malizieni na yale mliyoyaona korongoni. Udongo mwekundu uliozimuliwa kwa maji, upakwe kwenye nyayo za mwamba. Michirizi myeusi chini ya kingo. Mabaka ya kijani kilichopauka, machache, upande mmoja tu, ule mtakaoamua kuwa wa kivuli.

Kisha majani, na hapo amueni kabla hamjagusa katani: mezani kwenu ni mwezi wa Septemba au wa Aprili? Nyika ya Mkomazi miezi hiyo miwili ni nchi mbili tofauti. Kwa Septemba, katani haihitaji rangi yoyote. Kateni vipande vya sentimita moja, chovyeni ncha kwenye gundi, visimamisheni kwenye nyufa. Kwa Aprili vitieni rangi ya kijani kwanza. Vichaka ni dodoki lililonyofolewa vipandevipande. Msichanganye miezi.

Mwenye nguvu bado aongeze ndiva. Mababu zetu waliyachimba mabwawa hayo milimani, wakayajenga kwa mawe na udongo, maji ya usiku yakusanyike na asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kupitia mifereji. Mezani inatosha shimo la kina cha sentimita moja, ukingo wa vijiwe, na gundi nyeupe tabaka kadhaa ambayo ikikauka hung'aa kama maji. Kisanamu kimoja kisimame pale na jembe, kama mlinzi wa zamu ya maji.

Tucheze sasa? Mchezo wangu unaitwa Faru na Majangili. Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, na baadaye ikawa hifadhi ya taifa. Faru weusi walikuwepo kwa wingi, majangili wakawamaliza, mpaka mwaka 1997 wengine walipoletwa kutoka Afrika Kusini waanze upya ndani ya uzio wenye ulinzi. Basi mezani kuna faru mmoja, majangili watatu, askari wanne wa wanyamapori, na miamba mliyoitengeneza.

Kila kisanamu husogea urefu wa kamba ya sentimita 10. Kutaka kujua kama askari amemwona jangili, vuteni uzi kutoka machoni pa askari hadi kwa jangili. Uzi ukigusa mwamba, hajamwona. Hapo ndipo mtajua kwa nini tumehangaika na kila ukingo: ufa mmoja mlioupanua kidogo siku ya pili unaweza kumpa askari njia ya kuona. Askari akimwona jangili ndani ya urefu wa kamba tatu, amemkamata.

Faru ana kanuni yake. Macho yake ni dhaifu, pua yake ni kali. Kila zamu rusheni dado kuamua upepo unatoka upande gani wa meza. Jangili akiwa upande upepo unakotoka, faru atanusa na kukimbia kamba mbili kwenda mbali naye. Asiponusa, anaendelea kula majani mahali alipo, hata jangili awe hatua tano kutoka kwake. Majangili wakimgusa kabla askari hawajafika, faru amekufa na mchezo umeisha. Nawaambia, mkicheza mara mbili mtaanza kuuogopa upepo.

Neno la mwisho kuhusu utunzaji. Uji wa ngano ni chakula, na panya hawaulizi kama ni mwamba. Mawe yangu mawili ya kwanza yalitafunwa kwa chini usiku mmoja, nikabakiwa na maganda yaliyopakwa rangi vizuri. Pakeni rangi hata chini ya kitako, na mkimaliza kucheza yawekeni kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana.

Giza linaingia, na gundi ya leo haitakauka kabla ya kesho jioni. Nendeni mkale makande. Kesho mkitoka shule pitieni korongoni, kila mmoja alete jiwe moja tu lenye mistari, lililooshwa, tuliweke katikati ya meza kabla hatujagusa boksi.